Urudi Mwakani Ukishapona

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe tatu Desemba, mwaka tisini na saba, kabla ya chai ya saa nne, katika ukumbi wa kulia chakula wa hoteli moja ya bei poa pale Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, China. Felisia aliulizwa kama ana maumivu yoyote, akajibu ndiyo.

Hakuna aliyemlazimisha. Yule daktari wa Kichina aliyekodiwa na Umoja wa wafanyabiashara kwa uandikishaji wa bima hakuwa anamgusa mtu. Alikaa nyuma ya meza iliyotandikwa plastiki ya maua, pembeni yake chupa ya chai, na kila aliyemfikia alimuuliza swali hilo hilo moja kupitia kwa mkalimani. Watu walikuwa wameshapigwa picha mlangoni, ikabandikwa kwenye kikaratasi chenye jina, kilichobaki ni kusema hapana na kusogea upande wa pili kungojea kadi. Wenye sukari walisema hapana. Bwana mmoja aliyekuwa akichechemea tangu enzi za kufuata mizigo Bangkok alisema hapana huku ameegemea ile meza. Felisia alikuwa ameongoza kwaya Songea miaka mingi na sauti yake ilikuwa haijui njia nyingine zaidi ya ile iliyonyooka. Alishika chini ya kwapa la kushoto.

"Hapa," alisema. "Pana kitu kama punje ya hindi."

Mkalimani alitafsiri. Daktari akalaza kalamu. Ndipo alipokuja Bwana Abubakary, mwenyekiti wa Umoja, akiwa na suti yake ya rangi ya majivu, akamshika Felisia bega kwa upole, maana wakubwa hawa wakitaka kukuangusha hawakusukumi, hukushika bega. Akamweleza sharti. Bima ya Umoja hufunguliwa wiki moja tu kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Desemba, na hupokea wazima. Anayekutwa na ugonjwa siku ya kuandikishwa angelila fungu la wenzake, na hiyo si haki. Kamati ilikaa ikaona hivyo.

"Urudi mwakani, dada yangu," alisema. "Ukishapona."

Akamrudishia kile kikaratasi chenye picha yake ili aje nacho. Cornel, mumewe, alikuwa nyuma yake kwenye foleni. Alitoka naye, wakashuka ngazi, wakanunua machungwa kwa bibi wa pale chini ya daraja la magari, wakayala wamesimama.

Felisia hakupona. Alifariki mwezi Agosti, wakati kuta za Guangzhou zinatoka jasho na nguo hazikauki hata zikitundikwa wiki nzima. Hospitali zilimtaka kadi au fedha, na alikuwa na kikaratasi. Neno la kwanza Cornel alilojifunza mjini humo lilikuwa la kununulia, la kuuliza bei. La pili lilikuwa *mei you*, hakuna, na hilo la pili ndilo alilolisikia mwezi ule wote, dirisha baada ya dirisha, likisemwa na wasichana wenye kofia nyeupe ambao nao walikuwa wametumwa tu.

Umoja uliokosa fedha ya dawa haukukosa fedha ya jeneza. Bwana Abubakary alisimama mbele ya ghala la mizigo pale uwanja wa ndege wa Baiyun akasema maneno mazuri, watu wakalia, mpiga picha akapiga. Cornel alisaini alipoonyeshwa. Ndege iliruka na Felisia wake, yeye akabaki chini akitazama juu mpaka shingo ikamuuma, kisha akarudi Xiaobei kwa basi.

Alipofungua mlango wa chumba chake, ghorofa ya nane, aliukuta ugonjwa umekaa kitandani.

Ulikaa upande wa ukutani, pale Felisia alipokuwa akilala. Ulikuwa na ukubwa wa paka aliyeshiba na rangi ya chai iliyochujwa mara mbili, hauna uso wa kuutaja, lakini ulikuwa unapumua, na upumuaji wake ulikuwa wa Felisia kabisa: pumzi fupi, halafu ndefu, kama mtu anayetaka kuanzisha wimbo. Cornel aliweka begi chini. Aliona ni jambo linaloeleweka. Hati za ndege zilitaja mwili mmoja, hazikutaja kingine. Umekaa ndani ya mtu muda wote ule, ungekwenda wapi?

"Sogea," aliuambia, akalala.

Wakaishi hivyo. Cornel alikuwa mfungaji mizigo. Wafanyabiashara walinunua jinzi na radio kwenye majumba ya jumla, mabegi ya mkono wakayafuata mji wa Shiling, na vyote vikamfikia yeye avifunge kabla ya kwenda kwenye kontena la pamoja. Alikandamiza kwa goti mpaka hewa yote itoke, akazungusha utepe wa gundi, akavuta kamba za plastiki, kisha akapiga alama ya mwenye mali kwa kalamu nene, maana kontena moja hubeba vitu vya watu wengi, na mzigo usio na alama ukifika bandarini ni wa kila mtu. Shule aliishia darasa la nne, ila herufi kubwa za alama alizijua, na hizo zilimtosha. Asubuhi aliuwekea ugonjwa maji ya uvuguvugu kwenye bakuli. Jioni aliurushia kaseti ya kwaya. Hakuupenda. Lakini katika mji mzima wenye mamilioni ya watu, hakuwepo mwingine aliyekuwa ameukaa mwili wa Felisia na kuufahamu kwa ndani, na mtu huwezi kumfukuza wa namna hiyo.

Novemba ilipofika mwisho, Xiaobei ilianza kujiandaa kwa wiki ya bima. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Watu wazima walikimbia juu ya daraja la magari alfajiri wakiwa na kandambili. Mwarobaini ulichemshwa hotelini mpaka wahudumu wakafungua madirisha. Walioacha sukari waliwakaripia walioweka sukari. Na kwenye ngazi watu waliulizana, mdomo kwa sikio, mwaka huu daktari atauliza tu au atapima.

Siku moja mchana alikuja Swalha. Swalha alikuwa Mzanzibari, mpishi wa ghorofa ya sita, ambaye wafanyabiashara walikwenda kula kwake wali wa nazi ya kopo wakajiona wako nyumbani. Yeye ndiye aliyemwogesha Felisia miezi ile ya mwisho, akamsuka nywele zilipokuwepo.

"Hodi, shemeji. Nimekuletea mkate wa kumimina, usije ukafa kwa njaa ukatupa kazi ya kuchangisha tena."

"Pita. Angalia usiukalie."

Swalha aliutazama ugonjwa, akaketi mguuni mwa kitanda, akaweka sahani mapajani.

"Kumbe huu haukupanda ndege."

"Haukupanda."

"Na huu wala nini?"

"Maji tu. Na kwaya."

"Kama mwenyewe," alisema Swalha. Akapapasa ukingo wa sahani. "Shemeji, na mie ninao. Hapa hapa, kwapani. Tangu mwezi wa tisa. Wiki ijayo naulizwa, na mie uso wangu huu, unaujua, ukisema uongo unapiga kelele."

Cornel akainuka akaweka maji jikoni, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi, na aliporudi na vikombe aliona ugonjwa wa Felisia umeinua kichwa, kama kile kilikuwa kichwa, unanusa upande wa Swalha. Ukavuta ile pumzi fupi, na ile ndefu. Kisha kutoka chini ya kwapa la Swalha, kupitia nafasi ya mkono wa dera, kikatoka kitu kidogo kama mtoto wa paka, rangi ile ile ya chai, kikatembea juu ya shuka mpaka kwa kile kikubwa, kikajilaza ubavuni mwake.

Swalha aliinua mkono, akajipapasa. "Pako bapa," alisema.

"Huu wa Felisia ulikuwa mpweke," Cornel alisema. "Umeuita wako."

Wakanywa chai. Swalha aliposhuka ngazi ule wake ulibaki, na kesho yake asubuhi Cornel akasikia mkwaruzo mlangoni, akafungua, ukatoka wenyewe kwenda ghorofa ya sita. Ikafahamika basi kwamba ugonjwa unaweza kulazwa nje ya mwenyewe, ila haukai sana. Una njia yake ya kurudi. Ukitaka ubaki siku kadhaa, lazima ufungwe.

Xiaobei haifichi jambo. Kesho kutwa alikuja Dullah wa Kariakoo, muuza radio, mtu wa sukari, ananyonya meno.

"Mzee wangu, mizigo yangu yote unafunga wewe. Na huu nao ufunge, mpaka Ijumaa."

"Nipige alama gani?"

"Ile ile ya radio."

"Ukichanganyika na radio?"

"Si utaimba, basi!"

Akakaa kitandani, akasimuliwa habari za mpira, akainuka bila sukari. Sukari yake ilikuwa majimaji, na sisimizi waliifuata ukutani wakiwa kwenye mstari. Cornel aliikandamiza kwa goti, akaifunga, akaandika DULLAH DSM. Akaja Rozina wa Mwanza na pumu inayopiga mluzi kama birika. Akaja yule bwana wa Bangkok, mguu wake ukapanda ngazi ukichechemea nyuma yake na kuingia wenyewe. Presha zilikuwa nyingi, zinagonga ndani ya nailoni taratibu, kama jirani anayetaka kuazima chumvi. Vidonda vya tumbo vilitoa moshi kidogo. Cornel alivipanga vyote mpaka darini, alama zikiangalia nje kama inavyotakiwa, na mchana jua likipita katikati ya nguo za majirani zilizotundikwa kwenye mianzi, chumba kilijaa mwanga wa maziwa na mivumo ya chinichini, ikampa usingizi mtamu ambao hakuupata tangu Agosti.

Ugonjwa wa Swalha uliporudi kulazwa, hakuufunga. Aliuweka goti juu, akaliondoa. Kitu kilichotoka ubavuni mwa mtu yule, mwenye mikono ile iliyombeba Felisia kumpeleka bafuni, hakuona kwa nini akikandamize mpaka hewa itoke kama suruali za jinzi. Ulikuwa mdogo, ulikuwa umelala. Akaufunika khanga ya Felisia, hapo hapo ubavuni mwa ule mkubwa, wala hakuupiga alama. Ungechanganywa na wa nani? Kila mtu alijua ni wa nani.

Siku ya mwisho kabla ya kuandikishwa, mlango uligongwa kwa vidole viwili. Alikuwa Bwana Abubakary.

"Bwana Cornel, nasikia una ghala."

"Nina chumba, Mwenyekiti."

"Moyo wangu huu. Majukumu, unajua mwenyewe." Alitoa leso akapangusa shingo.

"Kwani mwenyekiti naye anaulizwa?"

"Sharti ni la wote. Hapo ndipo uzuri wake."

Akakaa. Ugonjwa wake ulichukua muda kutoka, na ulipotoka ulikuwa mnene, umetulia, ukatafuta kiti. Magonjwa mengine kwenye mafungu yake yalinyamaza. Cornel alichukua nailoni, akachukua kamba, kisha akavishika tu.

"Kabla sijafunga," alisema. "Kesho useme ukumbini kwamba sharti limekwisha. Mtu akisema panauma, apokelewe. Unaona mwenyewe chumba hiki. Hakuna mzima humu Xiaobei, sote tunasema uongo, na aliyesema kweli nilimsindikiza Baiyun."

Bwana Abubakary alitazama mafungu mpaka darini, akitikisa kichwa kama mtu aliye kwenye maonyesho.

"Nitasema," alisema.

"Mbele za watu."

"Cornel! Mimi ni mtu wa watu. Nimekuambia nitasema."

Cornel akafunga. Alitia kamba mara mbili, moyo ule ulikuwa na nguvu. Kulikuwa na kontena la Dar linalojazwa wiki hiyo, na lilimpitia wazo kwamba fungu moja katikati ya jinzi lingekaa baharini mwezi mzima na mwenyewe angekaa mwezi mzima bila chochote kifuani, na pengine asingeona tofauti. Akaliacha wazo hilo lipite. Mtu alikuwa amesema nitasema. Akaandika MWENYEKITI, herufi ziko sawasawa.

Jumatano ya kuandikishwa ukungu uliingia mpaka ndani ya ukumbi. Meza ilikuwa ile ile, plastiki ile ile ya maua. Cornel hakuja kujiandikisha, alikuja kusikiliza, akasimama dirishani. Foleni ilikwenda upesi kuliko mwaka wowote. Daktari mwaka huu alikuja na kipimo cha kusikilizia, akawasikiliza vifua mmoja mmoja, na vifua vyote vilikuwa safi kama sufuria mpya. Dullah alipita. Rozina alipita akivuta hewa kwa madaha. Bwana wa Bangkok alitembea kwa miguu miwili iliyo sawa mpaka mezani na kurudi, akatamani arudie.

Foleni ilipokaribia kwisha, Bwana Abubakary alipiga makofi mawili.

"Ndugu zangu. Mwaka jana kuna waliolalamika, wakasema sharti letu ni kali. Leo daktari anatuambia nini? Hajakuta hata mgonjwa mmoja. Hata mmoja! Sharti limetufundisha kujitunza. Sharti limetuponya. Kwa hiyo kamati imeonelea libaki, na kuanzia mwakani liguse pia watoto wetu na wazazi tunaowaleta."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, kwa kuwa walijisikia vizuri.

Cornel alipita katikati yao. "Mwenyekiti, ulisema utasema."

"Si nimesema, Bwana Cornel? Hukunisikia?"

Cornel alifungua kinywa. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa ya darasa la nne na mwenzake alikuwa na kipaza sauti. Wakati bado anayatafuta, mlango wa ukumbi ukasukumwa, ukaingia ugonjwa wa Felisia.

Ulikuwa umepanda ngazi wenyewe. Ulibeba kile kikaratasi chenye picha, kilichokuwa juu ya kabati chumbani tangu mwaka jana, na ukaenda kusimama mwisho wa foleni kama ulivyoelekezwa. Uliambiwa urudi mwakani. Mwakani ilikuwa imefika. Watu walisogea wakaupa nafasi, na Rozina akauuliza kama ngazi hazikuuchosha.

Nyuma yake, kwa kuwa haukuwa umefungwa, ulikuja ule mdogo.

Swalha alikuwa mezani. Ameshapigwa picha, ameshasikilizwa kifua, mkalimani ameshauliza, na alikuwa amefumbua midomo kusema hapana, neno ambalo safari hii lilikuwa kweli. Ule mdogo ulipita chini ya foleni, kati ya viatu vya watu, ukaona miguu unayoijua. Ukapanda gotini, ukapanda ubavuni, ukaingia kwapani mwake kama mtoto anayeingia kwao akitoka shule.

"Aa," alisema Swalha, akajishika.

Daktari aliona. Akalaza kalamu.

Cornel alisimama palepale akihesabu kamba ambazo hakuzifunga. Bwana Abubakary alishamfikia Swalha, mkono wake ulishakuwa begani.

"Urudi mwakani, bibie," alisema kwa upole. "Ukishapona."

"Na anayefuata?" aliuliza Ilham, karani wa Umoja, binti wa Tanga aliyekuwa na haraka ya kufunga. Akapokea kikaratasi. "Felisia. Huyu aliambiwa arudi, amerudi."

"Huyo siye Felisia," Cornel alisema. "Huyo ndiye aliyemuua Felisia. Ndiye mliyemkatalia Felisia kwa ajili yake."

"Baba yangu, picha iko hapa na jina liko hapa."

"Tumsikilize daktari," alisema mwenyekiti. "Sharti halitazami sura ya mtu. Linauliza jambo moja. Je, huyu ana ugonjwa?"

Daktari aliweka kipimo chake juu ya ugonjwa, hapa na pale. Ukavuta pumzi fupi, na ile ndefu. Aliubonyeza, akautazama mbele na nyuma. Ndani ya ugonjwa hakukuwa na ugonjwa. Ulikuwa mzima kabisa, hauna hata mafua.

"*Mei you*," alisema daktari.

Ilham akagonga muhuri, akatoa kadi. Watu walipiga makofi kidogo, walikuwa wamempenda Felisia.

Ijumaa Cornel alikata kamba zote. Magonjwa yaliinuka yakajinyoosha, yakashuka ngazi kwa utaratibu, yakatoka mtaani penye ukungu na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Sukari ya Dullah ilikwenda na sisimizi wake. Mguu ulichechemea hadi kituo cha basi. Pumu ilipiga mluzi chini ya daraja la magari, ikajibiwa na treni. Wachina waliokuwa wakicheza karata njiani waliinua miguu yapite. Moyo wa mwenyekiti haukutembea, ulifuatwa na teksi. Chumbani ukabaki ule mmoja, umelala upande wa ukutani, na kadi imebandikwa plastiki juu ya kabati.

Idd ilipita, na mkono wa Swalha ukavimba. Aliacha kwanza kukuna nazi, halafu kusonga ugali, halafu kujisuka. Asubuhi moja Cornel alishuka ghorofa ya sita akamkuta amekaa jikoni, moto umezimwa.

"Vaa," alisema. "Tunakwenda na kadi ya Felisia. Watajuaje? Wao hawatutofautishi."

"Shemeji, nikifa jina litakuwa la nani?"

"Vaa, Swalha."

Ugonjwa uliwafuata, hakuuzuia. Hospitalini msichana wa dirishani alichukua kadi, akatazama picha, akamtazama Swalha kwa makini, akatazama picha tena. Alikuwa msichana mwangalifu. Akatikisa kichwa. Ndipo ugonjwa uliposogea mbele, ukavuta pumzi fupi na ile ndefu, na msichana akatabasamu, akaandika. Daktari wa zamu aliuona tu akakunja uso. Akamwambia Cornel, kwa Kiingereza cha kuokoteza, kwamba huu ni ugonjwa mkubwa sana, umecheleweshwa, ulazwe leo leo.

Ukalazwa. Ulipewa kitanda cha dirishani, shuka nyeupe, chupa ya maji ya moto, na muuguzi aliyekuja kila asubuhi kuugeuza. Kadi ililipa vyote. Uling'aa kidogo. Swalha alikaa kwenye benchi la mbao nje ya mlango, khanga begani, kwa kuwa yeye hakuwa na kadi na hakuna aliyemfukuza pia. Cornel alisimama baina yao, mguu mmoja ndani ya wodi na mmoja nje, akimletea huyu uji, akimwekea yule kaseti.

"Kaa chini, shemeji," alisema Swalha. "Unasimama kama askari wa benki."

"Nikikaa nitalala."

"Mwenye kitanda ni mmoja tu hapa, na mie si yeye."

Ilikuwa karibu na mwaka mpya wa Kichina, miti midogo ya machungwa imepangwa kwenye korido, alipokuja Bwana Abubakary na kamati yake na mpiga picha. Umoja ulikuwa unamtembelea mwanachama wake wa kwanza kulazwa kwa bima. Walipita benchi wakamsalimia Swalha vizuri, wakamwambia ajitahidi, Desemba si mbali. Kisha wakazunguka kitanda. Mwenyekiti aliweka mfuko wa matunda juu ya shuka, akashika ukingo wa kitanda, picha ikapigwa. Akasema wapo waliobeza mpango huu, sasa wauone kwa macho yao. Ugonjwa ulivuta pumzi yake fupi.

Halafu, kwa mazoea ya mikutano, akatazama pande zote.

"Kuna mwenye swali?"

Kamati ilikuwa imeshaanza kufunga vifungo vya makoti. Nje, Swalha aliinua kichwa kutoka kwenye benchi.

"Mimi ninalo," alisema Cornel. "Ugonjwa umelazwa, nimeuona. Mgonjwa alale wapi?"